Mstari wa Nne Nilioupata Stesheni

Kwanza mnisamehe mwandiko wangu. Herufi zangu zinalala, na mahali pengine nitakuwa nimekosea maneno, kwa maana niliishia darasa la sita na ninaandika polepole. Lakini jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, na sitaki lisimuliwe na mtu ambaye hakuwepo.

Mwalimu wetu wa darasa la tano, hapa Kolwezi katika Katanga, alikuwa Mkasai, mtu wa asili ya jimbo la Kasai. Baba yake aliletwa kufanya kazi mgodini, naye akazaliwa huku huku. Alitufundisha kuimba bila kinanda na bila kitabu. Ngumi ilikuwa do. Kiganja kilicholala kilikuwa mi. Kidole kimoja kilichoelekea juu kilikuwa noti ya si. Mkono wake ukipanda, darasa zima linapanda nao.

Mbinu hiyo, alituambia, ilienezwa na Mwingereza mmoja wa zamani, mchungaji, aliyetaka watoto wa maskini nao wasome muziki.

"Munajua alikuwa mutu wa namna gani?" alituuliza siku moja. "Noti zilimushinda. Alihangaika nazo mpaka akakuta mbinu ya mama mmoja mwalimu. Akaifuata, akaitengeneza, akafundisha watu wengi sana. Basi mutu asiniambie hapa kwamba yeye ni muzito."

Alisema hayo akiangalia dirishani, lakini nilijua ni mimi. Kila tulipoimba nilifungua mdomo tu, bila kutoa sauti.

Mwaka ule mgodi ulikuwa umeporomoka, kazi zikaisha, na watu wakatafuta wa kulaumu. Wakasai wakaanza kufukuzwa majumbani mwao. Mwalimu alikuwa ametutungia wimbo wa Pasaka wenye mistari minne. Tulikuwa tumeshika mitatu. Asubuhi moja tukaingia darasani, hakuna mtu. Yeye na familia yake, pamoja na mkewe tuliyemwita mama mwalimu, walikuwa stesheni, juu ya mizigo yao, wakingoja treni pamoja na umati wa wenzao.

Mama yangu, ambaye kwao ni Katanga ya kaskazini, akapika bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya mihogo.

"Pelekea mama mwalimu," akaniambia. "Bakikuuliza, sema ni mama yako amekutuma. Mi siogope mutu."

Mimi niliogopa. Hata hivyo nilichukua na kaye yangu, daftari la shule, na biki ya kuandikia, kwa sababu niliutaka mstari wa nne. Mwalimu akiondoka nao, sisi tungebaki na wimbo uliokatwa.

Stesheni kulikuwa na vijana wenye fimbo, wa wale waliokuwa wakiwafukuza Wakasai. Mmoja akapokea sahani, akampelekea mama mwalimu, lakini mimi akanizuia ng'ambo ya reli. Mwalimu akaniona. Nikainua kaye, nikaonyesha vidole vinne. Akaelewa. Akasimama juu ya sanduku, akainua mkono: sol.

"Eh! Weye mutoto," kijana mmoja akasema. "Ile mikono ni ya nini? Bile bilulu binatuma habari kwa nani?" Bilulu ni wadudu. Ndivyo walivyowaita.

"Ni wimbo, tata," nikajibu, nikimwita baba.

"Wimbo wa bubu?" Wenzake wakacheka.

Mkubwa wao hakucheka. Alivuka reli, akamshika mwalimu kwenye ukosi wa shati, akamnong'oneza sikioni. Kisha akanigeukia, akapaza sauti. "Nimemutajia wimbo mmoja. Yeye hatafungua kinywa. Weye utaimba. Kama ni uongo, mwalimu wako ataona."

Mwalimu akainua mkono, na ishara zake zilikuwa wazi kama darasani. Mi. Mi. Sol. La. Nikaimba majina ya noti. Sauti ilitoka nyembamba mwanzoni, halafu ikajaa, nikashangaa kwamba ni yangu. Sikujua ni wimbo gani. Nilikuwa nikifuata mkono tu. Ndipo nikasikia mama mmoja, ameketi juu ya godoro lake, akipiga makofi taratibu, na nyuma yangu kijana mwenye fimbo akivumisha puani. Ulikuwa wimbo wa kutwangia mihogo. Kila mtu pale, mwenye fimbo na mwenye mizigo, alikuwa ameusikia kwa mama yake.

"Huyu mutoto ni radio," kijana akasema.

"Radio bila betri wala waya," mwenzake akajibu, wakacheka tena.

Mkubwa akaachia ukosi. "Haya mwalimu, maliza masomo yako. Upesi."

Mwalimu akanipa mstari wa nne mara mbili. Nikaandika juu ya goti. Kwa mtu mzito wa kuandika kama mimi, noti ni rafiki: herufi moja moja tu. Ya mwisho ilikuwa do, na ngumi hiyo aliishika muda mrefu kuliko wimbo ulivyotaka.

Sahani ya mama haikurudi, na alinisema kwa wiki nzima. Lakini siku iliyofuata nilisimama mbele ya darasa, mimi niliyekuwa nikifungua mdomo tu, nikainua mkono, na wenzangu wakaupanda mstari wa nne mpaka do. Siku ya Pasaka tuliuimba wote, na watu waliuliza ni nani aliyeutunga. Nilimtaja mwalimu kwa sauti. Mpaka leo ninawafundisha watoto wa mtaa wetu, kwa mkono ule ule.

Sijui treni iliwashusha wapi. Wewe unayesoma, kama umewahi kufundishwa na mwalimu mwenye ngumi ya do, niandikie, umpe barua yeyote anayesafiri kuja Kolwezi. Kama maneno ni mazito kwako, weka herufi za noti tu. Nitazisoma.