Pijo, Landrova na Njia ya Beni

Tulikuwa batu batano kwetu Butembo, asubuhi ile ya vita: mimi, bwana yangu, mudogo wake wa tumbo moja, mama yao muzee, yaani mama mukwe wangu, na binti yangu wa pili, uchungu umemushika. Majina yote ninayo kichwani, mais siyaandiki.

Sikuweza kukaa. Mukunga alikuwa ametuambia mutoto amelala kingamo tumboni, kichwa hakiko chini, lazima mama apasuliwe, na daktari wa kupasua amekimbilia Beni.

Bwana yangu alikuwa na Landrova ya mazutu, ile dizeli. Mudogo wake, Pijo 404 ya essence, yaani petroli.

"Yaya, ya kwangu inakunywa essence, ndiyo, lakini inakimbia," mudogo akamuambia mukubwa wake. "Na ni laini. Ya kwako ni kinu, utatwanga mama na mutoto pamoja."

"Pijo yako inasukumwa na magurudumu ya nyuma tu," bwana yangu akajibu. "Matope yataishika tumbo. Landrova inakula mazutu, inavuta na magurudumu yote ine."

"Inavuta, halafu inafika kesho."

Mimi naenda mulangoni, narudi kitandani, natoka tena. Binti anauma kitenge. Nikawauliza: "Nyinyi babili, gari yenye kutembea sasa hivi ni gani?"

Hata moja. Waasi walikuwa wanachukua magari ya batu, donc kila mumoja alikuwa ameua gari yake. Landrova ilikaa juu ya matofali, magurudumu yamezikwa chini ya maharagi. Pijo ilitolewa delco, ile inayogawa moto ndani ya moteri. Mama mukwe aliitundika jikoni juu ya moshi, kati ya mahindi ya mbegu, kwa sababu kwetu kitu cha kutunza kinatundikwa pale.

Mama mukwe akasema: "Basi mbio yao ni moja."

Delco ilirudishwa haraka, tukatangulia na Pijo, mudogo akiendesha; bwana yangu akabaki kuchimbua magurudumu ya Landrova. Kweli ilikuwa laini. Lakini masizi ya jiko yalikuwa yameingia ndani ya delco, na Pijo ikaanza kukohoa. Kwenye mupando wa kwanza wa kilima ikazima. Nilimushika binti mukono, nikisikiliza nyuma yetu. Kitambo, kisha ngurumo ya mazutu. Bwana yangu, matope mpaka kwenye nywele, akashuka na kamba, akafunga Pijo nyuma ya Landrova.

Tukavutwa hivyo. Kwenye barrière, kizuizi cha njiani, askari wa waasi akazunguka magari, akacheka: "Hizi mbili haziwezi kwenda vita. Pita, mama."

Beni, binti alipoingizwa ndani kwa daktari, wale babili walisimama uani.

"Pijo ndiyo ilimubeba," mudogo akasema.

"Na nani alibeba Pijo?"

Mimi nilikuwa nimeweka sikio kwenye mulango. Nikawaambia wanyamaze. Wakanyamaza, na ndani mutoto akalia.

Leo mutoto yule naye ni mama. Kama mulikuwa kwenye njia ile na kamba ilifungiwa kwingine, si pale kwenye mupando wa kwanza, munisahihishe. Kilio cha mutoto peke yake musikiguse.