Sinia la Fundi Mihayo

Fundi Mihayo wa Mkuyuni ana ubishi, lakini kwa kazi ya usukani simpi mwingine gari langu. Kila kitu anachofungua hukiweka kwenye sinia kuukuu la mkewe. Gari haliondoki mpaka sinia liwe tupu, na mwenye gari lazima alione kwa macho yake.

Jumamosi ile alikuwa anamalizia gari la Mwalimu Kashaija, mstaafu aliyekuwa akienda kwao Muleba na mkewe, Bi. Immaculata. Kwenye sinia ilibaki pini moja tu, ile inayokunjwa miguu ili nati ya usukani isilegee. Mihayo akaenda kunawa. Getruda, mkewe, akaleta ugali na sato, akakosa pa kupakulia. Akaitupa ile pini kwenye bakuli, akalifuta sinia lake, akapakua.

Wakala wakashiba. Mihayo akaliona sinia linang'aa, moyo wake ukatulia.

"Mwalimu, tazama mwenyewe," akasema. "Tupu."

Mwalimu akatazama, akashukuru, akaondoka. Mimi nilikuwepo, na mimi nililiona tupu.

Nusu saa baadaye Getruda akatoka kuosha vyombo, akamletea mumewe ile pini. "Baba Kija, hii ni ya kwako?"

Mihayo akaitazama, akaitambua. Akapiga simu, ikaita mpaka ikakata. Mwalimu hapokei simu akiendesha, na siku zote tumemsifu kwa hilo. Siku hiyo nililichukia. Nati ikifunguka kwenye mwendo, gurudumu halisikii tena usukani.

Mihayo akadandia bodaboda ya Luhende na koleo mfukoni. Buhongwa hawakuwaona. Waliwakuta Usagara, maana Bi. Immaculata hapiti pale bila kununua viazi vitamu. Mihayo aliniambia kwamba alipoliona gari limeegeshwa, aliruka kabla bodaboda haijasimama.

Angeweza kusema amekuja kukagua tu. Luhende hata alimnong'oneza hivyo.

"Shikamoo, Mwalimu. Nilisahau pini. Nimewapeleka barabarani na kosa langu."

Mwalimu hakuitikia. Mihayo akaingia chini ya gari. Nati ilikuwa imeshaanza kulegea, akaizungusha kwa vidole. Akaikaza, akapachika pini, akaikunja miguu, kisha akamwita Mwalimu ainame aone. Mwalimu akainama na suruali yake ya safari, akaishika pini kwa mkono wake.

"Marahaba," akasema hatimaye.

Bi. Immaculata alikuwa amesimama na viazi vyake. Akamkazia Mihayo macho.

"Tuendeshee mpaka Sengerema," akamwambia. "Sitaki kusikia kwamba gari ni zima. Nataka nikuone umelishika wewe."

Basi Mihayo akaendesha, na ovaroli lake lenye grisi, Mwalimu kando yake. Anasema hakuwahi kuendesha kwa heshima kiasi kile. Kila kona aliusikiliza usukani, nao ulikuwa mwepesi, unarudi wenyewe. Wakalipita daraja, ziwa limetulia pande zote mbili. Akamtazama Bi. Immaculata kwenye kioo, akitegemea kukuta macho yake yamemkazia.

Alikuwa amelala, mdomo wazi, viazi mapajani.