Mikeka ya Munje Yavuka Horohoro

Mikeka ndiyo iliyonitoa nyumbani. Hoteli za Diani zilikuwa zimeacha kununua kwa shangazi yangu Mwanasha na wenzake wa Munje. Mwenye duka mmoja wa Tanga akakubali kuitazama mikeka yao, mradi ifike kabla ya adhuhuri siku ya Alhamisi. Baada ya hapo angekwenda kutafuta kwingine.

Alhamisi alfajiri, Munje. Tulipakia pikapu ya kukodi. Shangazi alikuwa ametia mikeka ndani ya maboksi yenye maandishi ya kigeni, aliyoyaomba dukani Ukunda.

“Shangazi, mbona maboksi ya watu?”

“Nyamaza wewe. Cha kuuza huvikwa nguo.”

Ramisi, jua likichomoza. Mashamba ya miwa kando ya barabara yalinirudisha utotoni, tulipokuwa tukivuka mpaka kwa njia za vichakani, mikeka kichwani, tukijificha kama wezi wa mali yetu wenyewe. Hata hivyo nazikumbuka kwa hamu safari zile. Shangazi aliimba taratibu ili nisiogope.

Horohoro, mpakani, saa nne. Siku hizi ukitoka Kenya unasimama mara moja tu. Maafisa wa nchi zote mbili hukaa jengo moja. Wa Tanzania, mwanamke wa makamo, aliyasoma maboksi, kisha akamwamkia shangazi.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Mzigo huu umetoka ng'ambo. Hapa utalipiwa ushuru.”

“Ng'ambo gani? Ya mto Ramisi?”

Afisa hakukosea. Nchi zetu zimepatana kutoza bidhaa za nje ushuru ule ule. Bila hivyo, mfanyabiashara angeshushia mzigo kwenye nchi yenye ushuru mdogo kisha aupenyeze kwa jirani, na kila nchi ingekagua kila tenga. Lango la nje likiwa moja, milango ya ndani hufunguka. Ndivyo majirani wenye sera moja kwa wageni wanavyogeuka kuwa jumuiya. Ila cha ndani sharti kijulikane kuwa ni cha ndani.

Shangazi akaketi sakafuni, akatoa kikapuni ukili, ule utepe wa majani ya mkindu unaoshonwa kuwa mkeka. Mwanamke wa Munje hasafiri bila ukili wa kusuka. Vidole vikakimbia, kisha akaulaza juu ya mkeka mmoja aliouchomoa boksini: msuko mmoja, rangi moja.

“Haya, hiyo ng'ambo yenu yasuka hivi?”

Afisa akacheka. “Bibi yangu wa Pangani alisuka hivi hivi.” Akamwita mwenzake wa Kenya, naye akajaza cheti cha asili ya bidhaa, kinachosamehe ushuru, na kugonga muhuri. “Lakini maboksi, mama, yaache hapa.”

Tanga, adhuhuri ikikaribia. Mwenye duka alikuwa ameshavaa viatu aondoke. Alikunjua mkeka, akaupapasa, akavua viatu, akaketi juu yake.

“Mwezi ujao leteni mara mbili ya hii.”

Jioni tulirudi kwa barabara kuu. Nilikuwa nimejifunza kwamba mapatano ya mataifa hushuka hadi kuwa karatasi ndogo mkononi mwa msukaji, na asiyeijua karatasi hiyo hubaki vichakani. Shangazi alinipa nakala ya cheti.

“Nisomee tena.”

“Mtengenezaji: Mwanasha. Mahali: Munje, Kwale.”

“Polepole,” akasema. “Anza na jina.”