Ekseli ya Konokono

Seremala mmoja watu walimwita Konokono, kwa kuwa nyumba yake alikwenda nayo. Lilikuwa gari refu lenye kitanda, jiko na mapazia, na nyuma yake alilifungia tela lililojaa mbao za kazi. Palipo na milango ya kutengeneza, hapo ndipo kwake na mkewe. Nyumba nyingine hakuwa nayo, hata ya kuku.

Mambo yalikwenda hadi mama mkwe alipokuja kusalimia, akapapenda, akabaki. Naye alikuwa mama wa haja: akikaa kiti cha nyuma, taa za mbele zinamulika mawingu.

Siku si nyingi gari likaanza kuimba. Mwanzo mlio mwembamba kama wa mbu, kisha mnene, hadi wanasema nyuki wa njia nzima walitoka kuulaki wakidhani malkia anapita.

Konokono akachungulia chini. Matairi ya nyuma yameliwa upande wa ndani, nje mapya! Akayabadilisha, la kulia kushoto. Yakaliwa vilevile. Akatia grisi. Gari likaimba kwa sauti ya kushiba. Akashika kichwa. Uzito ulioongezeka alioujua ni mmoja tu, nao hausemeki. Mkwe utamwambiaje kwamba anavunja gari?

"Mama," alisema macho chini, "njoo ukae mbele, upate upepo."

"Upepo ninao," akajibu mama mkwe, akahamia hata hivyo.

Likaimba. Kesho yake akamrudisha nyuma, eti mbele kuna jua. Likaimba. Akamweka katikati, kitandani. Likaimba.

"Wewe bwana," mkewe akafoka, "mama yangu ni fenicha?"

"Namtafutia raha."

"Raha gani ya kuhamishwa kila kilima?"

Konokono akazidi kuchanganyikiwa. Akilitazama gari, haoni kosa. Akimtazama mkwe, anaona haya. Na nyumba ikivunjika njiani, atamlaza wapi mtoto wa watu na mama yake?

Kwenye mteremko kitu kikalia ko! chini ya kitanda. Gari likakaa kitako, likaburura cheche. Wote watatu wakaona gurudumu likiwapita upande wa kulia, linakwenda zake kwa maringo.

"Hilo gurudumu la nani?" akauliza mama mkwe.

"Sijui, Mama," akajibu Konokono, na kweli hakujua.

Fundi magari aliyewavuta hadi gereji yake alitoa ekseli ya nyuma, chuma kinachobeba magurudumu, ikiwa vipande viwili, beringi zimesagika kama unga. Hakuitazama sana. Aliliendea tela, akajaribu kuinua mkono wake unaoshikana na gari. Haukunyanyuka.

"Mbao umezirundika huku mbele kwa nini?"

"Zikikaa nyuma, tela linayumba."

"Basi mzigo ulilala juu ya mkia wa gari. Ekseli imebeba nyumba, imebeba na tela, ikapinda, ikachoka, ikakatika."

"Kumbe siyo..." Konokono akajiuma ulimi, amechelewa.

"Siyo nani?" akauliza mama mkwe.

Mke akaziba mdomo kwa kiganja, mabega yanamtikisika kwa kicheko.

"Ekseli nitakupatia," fundi akaendelea, "ila mzigo kama huu usivute tena. Chagua: mbao au nyumba."

Konokono akatazama huku, akatazama kule. Seremala bila mbao ni nani? Zikikaa mbele, ekseli inakatika, zikikaa nyuma, tela linacheza, zikibaki, njaa. Kila jibu alilolishika lilikuwa limezaa swali.

Mkewe hakumsubiri. Alikuwa anaigonga milango ya gereji kwa kidole. "Fundi, hii iliyooza nani anakutengenezea?"

"Hakuna."

"Basi mbao zimefika."

Konokono hakuelewa kama amepata kazi au amehama. Gari lilikuwa limepandishwa juu ya magogo, mlango wake uko juu kifuani, na mama mkwe amesimama chini yake akiungoja. Konokono akachomoa ubao kwenye tela.

"Mama, nakutengenezea ngazi. Nitie mbao nene au nyembamba?"

"Unaniuliza mimi?" akasema mama mkwe. "Mwenye mizani si wewe, mwanangu?"