Jina Nililoita Hekaluni

Sikuwa nimelala, sikuwa na homa, na pombe sijaonja tangu nizaliwe. Nasema hivyo mapema kwa sababu najua watu. Ukiwasimulia jambo kama hili wanakukagua macho kwanza, halafu wanauliza ulikuwa umekula nini. Nilikuwa nimekula ugali na mboga, kama unataka kujua, na ilikuwa mchana mweupe katika mji wa Kericho.

Mimi ni mzaliwa wa Sigor, ile ya upande wa Bomet, ila nimeolewa nje kidogo ya Kericho, tuna chai, mahindi na ng'ombe wachache. Miaka hiyo ya tisini malaria ilipanda huku kwetu kwenye baridi, ambako zamani tuliisikia tu kwa watu wa ziwani. Ikamchukua binti yangu Cherono, mtoto wangu wa kwanza, aliyekuwa ndio ameanza nasari. Jumapili alicheza, na kabla ya Jumapili nyingine tulikuwa tumemzika.

Sikulia. Watu walingoja nilie, wakachoka. Baada ya mazishi nilirudi kuchuma chai, nikapeleka majani kupimwa, nikapika, nikaenda kanisani ambako akina mama waliniwekea mikono wakiomba machozi yaje. Hayakuja. Siku moja niliepua sufuria mekoni kwa mikono mitupu, na ni harufu iliyoniambia kwamba ninaungua. Majirani walikuwa wamezoea kuniita Mama Cherono. Sasa hawakujua waniite nani, wakawa wananiita "wewe".

Halafu nikapata mimba. Mtoto alipoanza kucheza tumboni nilimsikia kama unavyosikia mtu akibisha mlango wa jirani. Mama mkwe wangu, ambaye hana tabia ya kuzungukazunguka na maneno, aliniambia kwamba mtoto akikosa mtu wa kumpokea anaweza kugeuka njiani akarudi alikotoka. Mume wangu aliogopa sana kusikia hivyo. Mimi sikuogopa, na hebu niambie, mwanamke mwenye mimba ambaye haogopi maneno kama hayo, ni mzima?

Wakati huo tulikuwa tunauza maziwa kwenye hekalu la Wahindi mjini. Walitaka maziwa ya ng'ombe ambaye ndama wake yu hai, yasiyotiwa tone la maji, na kazi yake ilikuwa kuyamwaga juu ya jiwe wakiomba. Mara ya kwanza kuona nilitamani kukinga kikombe. Askari wa pale, Wafula, mtu wa Bungoma, alinicheka sana. Alisema afadhali mteja huyo, maana hajawahi kulalamika kwamba maziwa yameganda.

Siku ninayokusimulia mvua ya mawe ilinikuta langoni. Wafula hakuwepo. Nikakimbilia barazani na jerikeni yangu, na nikaona mlango wa ukumbi wa maombi uko wazi. Ndani, sakafuni, ameketi bibi mmoja wa Kihindi, mwembamba, amevaa sari nyeupe. Akanikaribisha kwa Kikipsigis. Si kile cha dukani cha kuuzia sukari na chumvi. Ni Kikipsigis cha Sigor kabisa, kama cha kogo yangu, nyanya aliyenilea. Aliniambia alikulia nyuma ya duka la baba yake huko kwetu. Niliamini, kwa sababu zamani Wahindi wenye maduka kule walikuwepo. Nikavua gambuti zangu, nikaziweka ndani kando ya ukuta, nikaketi mbele yake.

Hakuniuliza jina wala nimeleta lita ngapi.

"Huyo mtoto," akasema, "umemficha wapi mwilini?"

Nikaonyesha hapa, chini ya koo. Niamini, mimi mwenyewe sikujua mpaka kidole kilipofika. Wala sikuwa nimemwambia kwamba nimefiwa.

Akanifundisha kukaa. Mgongo wima, mikono magotini, macho yafumbwe. Nifuate pumzi ikiingia na ikitoka, basi. Alisema maumivu yatakuja, na yakija niyatazame tu kama mtu anayepita barabarani mbele ya boma langu. Nisimfukuze na nisimkaribishe chai. Akili ikianza kutangatanga niseme neno moja la kwao, shanti, ambalo alisema ni amani, kisha nirudi kwenye pumzi. Alisema kwao watu huketi hivyo asubuhi na jioni mpaka fundo la moyoni lifunguke lenyewe, na kwamba aliyekufa hajaisha. Roho hurudi katika mwili mwingine, lakini kwa njia yake na kwa wakati wake, na kazi ya aliyebaki ni kumwachia.

Nilikaa. Mvua ikapiga mabati, halafu sikuisikia tena. Maumivu yakaja kweli, makubwa, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nikahisi kitu. Nilimwona Cherono na sweta yake ya nasari. Alikuwa anapita. Nilichotakiwa kufanya ni kumtazama akipita tu.

Sasa hapa lazima nikueleze mila yetu, usije ukaniona mjinga. Sisi Wakipsigis, mtoto akizaliwa, akina mama humwitia majina ya wazee wa ukoo waliokufa, mmoja baada ya mwingine, na kumsogezea ugoro puani. Jina likitajwa mtoto akapiga chafya, basi huyo ndiye aliyerudi, na mtoto anachukua jina lake. Tunaita kurenet. Hata sisi tuliookoka tunafanya, ila mchungaji haambiwi. Lakini wanaoitwa ni wazee. Mtoto aliyekufa mdogo haitwi kamwe, anaachwa.

Kwa hiyo yule bibi aliposema roho hurudi, mimi sikusikia jambo geni la Wahindi. Nilisikia jambo la kwetu. Badala ya shanti, midomo yangu ikasema, "Cherono, njoo. Cherono, njoo."

Karibu na goti langu mtu akapiga chafya. Chafya ndogo, ya mtoto.

Nikafumbua macho. Hapakuwa na mtoto. Bibi alikuwa amenikazia macho, na uso wake umebadilika, si kwa hasira, kwa huruma.

"Nilikwambia umwachie," akasema. "Sasa amekuja. Utamweka wapi?"

Kitu kinachofuata ninachokumbuka ni kwamba nimesimama barazani miguu mitupu juu ya mawe ya barafu, na Wafula ananishika mkono. Nikamwambia nilikuwa ndani na yule bibi. Akanitazama, akaangalia mlango. Mlango ulikuwa na kufuli kubwa, na ufunguo alikuwa nao yeye mfukoni. Alidhani ninaumwa, akafungua ili nione mwenyewe kwamba hakuna mtu. Kweli hakukuwa na mtu. Lakini gambuti zangu zilikuwa pale kando ya ukuta.

"Mama," Wafula akasema polepole, "viatu zako zimeingia aje?"

Nilivaa, nikaenda nyumbani. Sikumtafuta yule bibi na sikuuliza ni nani. Maumivu yalikuwa yameisha, yote, kama hayajawahi kuwepo. Nilidhani nimepona.

Mtoto akazaliwa, msichana. Akina mama wakakusanyika, mama mkwe akiwa mbele na ugoro wake. Wakaita nyanya wa upande huu, kimya. Wakaita wa upande ule, kimya. Wakaita mpaka wakakumbuka wazee ambao hata makaburi yao hayajulikani. Mtoto ananusa ugoro, anatulia tu. Mama mkwe akaanza majina upya, kwani mtoto asiyepokea jina ni jambo la kutisha. Mimi nilikuwa kitandani najua jina lenyewe. Nilimtazama mtoto, nikalisema ndani kwa ndani, bila kufungua mdomo.

Akapiga chafya.

Wakati huo huo mama mkwe alikuwa akimtaja nyanya mmoja aliyeitwa Tapkigen. Vigelegele vikapigwa. Wote wakajua kwamba Tapkigen amerudi. Mtoto akaitwa hivyo, na mimi nikanyamaza.

Alipoanza kuzungumza vizuri aliniuliza Tui yuko wapi. Tui ni ng'ombe mweusi tuliyemuuza baada ya mazishi ya Cherono, kabla mimba yenyewe haijaingia. Nyumbani hakuna aliyekuwa akimtaja. Sikushangaa. Nilimwambia tulimuuza, akaridhika, akaenda kucheza.

Sasa ni mtu mzima, ana kazi yake Bomet, ananiletea sukari kila akija. Ananipenda na mimi nampenda. Lakini akiingia mlangoni siwezi kusema nimezaa watoto wawili. Nimemzaa Cherono, nikamzika, nikamzaa Cherono tena. Na je, yule mwingine? Aliyekuwa ameshaanza kucheza tumboni kabla sijaingia kwenye ukumbi ule? Alikuwa mtu gani, angecheka namna gani? Nilimwondoa nani mahali pake ili Cherono apate pa kuingia?

Miaka mingi sikujiuliza. Siku moja nikiwa nachuma chai swali likanijia, nikaketi chini katikati ya mistari nikalia mpaka wenzangu wakaniita. Tangu hapo nalia mara kwa mara. Watu wanafikiri bado ni kwa ajili ya Cherono, nawaacha wafikiri hivyo.

Kwa hiyo wewe uliyefiwa, sikiliza. Mtu akikufundisha kuketi na kutulia, keti, ni jambo jema, wala dini yako haitavunjika. Maumivu yakija, yaache yapite. Na ukimwona wako anapita, hata akikutazama, hata akiwa na sweta yake, funga mdomo. Ukimwita atakuja. Na hapo utakapomweka palikuwa pa mtu mwingine.