Jiwe la Kilo Kisimani

Nilitumbukiza jiwe la mizani la Mama kisimani. Naanza na hilo kabisa, msije mkaniona nina akili kabla ya wakati. Hadi leo, niko kidato cha tatu, nikisikia harufu ya mafuta ya mgando yakiyeyuka kikaangoni, mgongo unaniwasha wenyewe.

Nilikuwa darasa la tano, Tandika. Ndiyo miaka ile biashara imefunguliwa, kila nyumba imetoa meza barazani. Mama naye alikuwa na genge lake: unga, maharage, sukari, na mizani aliyokuwa akiifuta kila asubuhi kama sahani ya wageni. Jiwe la kilo lilikuwa moja tu. Bila hilo hakiuzwi kitu, na bila kuuza sie hatuli.

Sasa mwalimu wa jiografia akatueleza mabaharia wa zamani walivyopima bahari. Walishusha donge la madini ya risasi kwa kamba yenye mafundo, wakihesabu pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Chini ya donge kulikuwa na kishimo walichokijaza mafuta ya mnyama, yanase kilichoko huko: mchanga, tope, vipande vya kombe. Wenzangu walisinzia. Mie nikalikumbuka jiwe la Mama, maana nalo lina kishimo chini.

Mama alipokwenda sokoni, nikafungua kamba ya kuanikia nguo, nikapiga fundo kila urefu wa mikono yangu, nikaifunga kwenye pete ya juu ya jiwe, nikashindilia mafuta ya mgando kishimoni, nikaenda kisimani kwa jirani yetu, Mama Zuhura. Safari ya kwanza ilikwenda vizuri ajabu: pima saba, na mafuta yakaja na mchanga mweupe wenye chenga. Ningeishia hapo ningekuwa mtu. Nikataka kupima na upande wa pili. Fundo la kwenye pete likafyatuka, kamba ikarudi nyepesi.

Mama Zuhura alipovuta ndoo akakuta maji yana macho ya mafuta. Akaja uani kwetu kuuliza kama siku hizi kisima chake kinapika supu. Mama ndiyo kwanza anarudi, mizani haina jiwe, wateja wamesimama na vikapu. Akaniangalia mie. Hakuuliza nani.

Akaitwa fundi wa visima na ndoana yake. Akasema kama chini ni tope, jiwe limeshamezwa, asijisumbue bure. Nikasema kwa sauti ya panya kwamba ni mchanga, pima saba za mikono yangu. Akacheka, akanipima mikono, akakata kamba ya pima saba. Mchana jiwe likawa juu.

Mwaka huu alikuja shuleni dada mmoja anayesomea bahari. Alisema meli zao zinapima kina kwa mlio unaoshuka na kurudi, lakini bado wanavirudia vipimo vya zile kamba, waone sakafu ya bahari imebadilika wapi. Darasa zima likapiga miayo. Mie nikamwona akilini yule fundi wa visima akininyoosha mikono. Kumbe kipimo cha mtu kinaweza kumsubiri mwingine.

Lakini siku ile ya kisima, jiwe lilipotoka, nilidhani nimeshasamehewa. Mama alilikausha jiwe kwa kanga, akamhudumia mteja wa kwanza, ndipo akasema:

“Kina umekijua, mchanga umeujua. Sasa kajue uzito: yateke hayo maji, ukamwage, uteke tena, mpaka Mama Zuhura anywe chai isiyo na macho.”