Diski Imejaa Ubishi

Mzee Rula, mchora ramani za nyumba, hakuwa mtu wa kompyuta. Yeye na penseli yake, basi. Aliyeziingiza ramani kwenye mashine ni mkewe, kwa miaka kumi na tisa, mle katika chumba cha mbele, soksi miguuni kwa baridi ya saruji. Walibishana mchana kutwa na kazi ikatoka safi. Ajabu yao hiyo!

Mkewe alipofariki, mashine ikafunikwa kitambaa. Sasa ofisi ya ujenzi inataka ramani za programu mpya tu, na programu hiyo haikubali mfumo endeshi wa zamani. Binti yao, fundi kompyuta, akaja na flashi.

"Baba, nifute huu wa zamani niweke mpya?"

"Thubutu! Ramani za mama yako zinafunguka humo tu."

"Basi naweka wa pili kando yake. Ukiwasha mashine, unachagua wa kuingia. Ila diski imejaa pomoni, lazima tupunguze."

"Imejaa nini?"

Imejaa ubishi wake mwenyewe, nini kingine! Kila mzee alipobadili mawazo, mkewe alihifadhi ramani upya na kuipa namba, ili kesho mzee asije akaruka kimanga. Na majina ya wateja hakuyaandika hata siku moja. "Bwana Vyoo Vitatu, 11." "Dada Hataki Ngazi, 6."

Wakakaa bega kwa bega, wakifuta namba za nyuma na kubakiza ya mwisho. Mzee alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Kila faili lilikuwa na ugomvi wake, na yote aliyakumbuka. Jamani, alivyotamani kugombezwa tena!

Wakafika kwenye "Yetu". Zilikuwa namba ishirini na tatu. Ni nyumba waliyotaka kujijengea, ikakwama kwenye dirisha la jikoni. Mke alitaka litazame barabara, amwone mumewe akirudi. Mume akasema vumbi, litazame uani. Hakuna aliyelegeza. Mara ada za shule, mara maradhi, nyumba ikabaki humo humo kwenye mashine.

Binti akafungua ya ishirini na tatu. Tarehe yake ilikuwa ya wiki ile mama alipolazwa.

Dirisha lilitazama uani.

Mzee hakuwahi kuambiwa kwamba ameshinda. Ushindi gani huo, naye hana wa kumtambia? Machozi yakamtoka mbele ya mwanawe, wala hakuyaficha.

"Hizi zote ziache," akasema.

"Zitakaa, Baba. Nafasi imeshatosha."

Binti akaigawa diski na kuweka mfumo wa pili. Kazi ikachukua saa nzima, mzee kakaa pale pale. Mashine ilipowaka, ikauliza: wa zamani au mpya?

"Nikuingize wapi?"

"Kwenye mpya. Nifundishe kuchora dirisha."

"Dirisha tu? La upande gani?"

"La barabarani," akasema mzee, akivuta kiti karibu.